Bi Samahani wa Kaunta ya Mbele

Simu iliita asubuhi, duka la dobi likiwa limejaa watu. Bibi alikuwa nyuma ya kaunta akimsikiliza mteja mmoja aliyekuja na koti mkononi, analalamika kwamba kifungo cha katikati kimepotelea humo humo dukani, na kwamba yeye si mtu wa kutembea na pengo kifuani kama mtoto aliyeng'oka meno. Bibi akainua kidole kumwomba subira, akapokea simu. Alikuwa mwanawe wa pekee, ambaye kanisani na nyumbani walimzoea kwa cheo chake, Katibu.

"Mama," alisema. Nyuma yake ilisikika sauti ya magurudumu ya kitanda yakipita juu ya sakafu ngumu. "Mama, funga duka."

Bibi hakuhitaji kuuliza zaidi. Duka lile halikuwahi kufungwa siku ya kazi tangu alipoanza kufulia watu kwa makarai mawili na kamba moja. Hata wiki aliyofiwa na mumewe, yeye alikaa ndani akilia na nguo za watu zikapigwa pasi. Kwa hiyo maneno yale mawili yalibeba kila kitu.

Mteja alikuwa bado anasema. Kutoka chumba cha nyuma, mjukuu mkubwa wa Bibi, aliyepewa jina la Mvuke kwa sababu ya ile mashine ya kunyooshea aliyoshinda nayo, akapaza sauti bila kufikiri, kwa mazoea tu:

"Mwiteni Samahani aje aongee na mzee."

Kisha akakumbuka kwamba huyo Samahani, dada yake, yuko hospitali. Akachungulia mlangoni akitabasamu kwa aibu, akaiona sura ya bibi yake, na tabasamu likamfia mdomoni.

"Baba," Bibi alimwambia mteja, "tumefiwa. Koti lako utalipata, lakini si leo."

Yule mtu akavua kofia. "Nani tena?"

"Mjukuu wangu. Yule wa hapa kaunta."

"Yule binti anayejua kuomba msamaha?"

"Ndiye."

Mteja akasema pole, akarudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayetoka msikitini au kanisani, na wengine wakamfuata. Bibi akashusha mlango wa chuma yeye mwenyewe. Wakati ule ule, mikono ikiwa bado juu ya komeo, maneno ya mteja yakamrudia: anayejua kuomba msamaha. Alijua mazishi yanavyokwenda. Alijua kwamba mbele ya kaburi msemaji wa familia husimama akasema, kama kuna mtu aliyekosewa na marehemu, familia inaomba amsamehe. Na alijua kwamba msemaji atakuwa Katibu, ambaye hakuwahi kuruka hata neno moja la utaratibu.

Akaapa moyoni kwamba safari hii mtoto hataitwa kaunta.

* * *

Kwa kuzaliwa binti huyo alikuwa wa pili. Kaka yake alimtangulia, na watu waliowaona pamoja walishangaa kwamba tumbo ni moja. Mvuke akianguka alicheka kabla ya kuinuka. Akigombezwa asubuhi, kufika mchana alikuwa ameshasahau aligombezwa na nani. Binti alikuwa wa kukaa na neno. Ukimkaripia kwa kumwaga maji, jioni ungemkuta amekaa pembeni ya ndoo anailinda. Kaka alipovunja kikombe cha wageni, aliyelia alikuwa dada, na mama yao alipoingia akiuliza nani kavunja, dada akajibu, "Mimi nilikuwa hapa." Kwake, kuwapo palipoharibika kitu kulitosha kuwa kosa.

Watu walimpenda. Walimu waliandika sifa zake, majirani wakamtolea mfano kwa watoto wao. "Yule mtoto hana shida," walisema. Mama yake alijivunia kwamba alimfundisha kusema samahani kabla hajajua kutamka maji vizuri. Ndiyo sababu ya lile jina. Kwanza ilikuwa Samahani tu, kisha alipokua wakamwongezea heshima, akawa Bi Samahani.

Bibi alimpenda kupita kiasi na kumtania kupita kiasi, kama mabibi wanavyofanya. "Mke mwenzangu," angemwambia, "babu yako kaniacha akaja kwako, na wewe hata hujui kupika uji."

"Samahani, Bibi. Nitamrudisha."

"Mrudishe na nauli yake."

Alipofika umri wa kusaidia dukani alianzia kwenye kukunja. Nguo alizozikunja zilikaa kwenye rafu kama zimepimwa kwa rula. Mambo yangebaki hivyo kama si shati moja jeupe. Mvuke aliiacha pasi juu ya kola akaenda kumjibu mtu dirishani, na aliporudi kola ilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la ulimi. Mwenye shati alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani, mtu aliyezoea kuogopwa. Alipiga kaunta kwa kiganja. Bibi akajaribu maneno yake, yakagonga ukuta. Mvuke alikuwa amejificha nyuma ya makoti.

Binti akatoka bila kutumwa. Alilichukua lile shati kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, akalitazama, akamtazama yule mwalimu. "Mwalimu, hili shati ulilipenda," akasema. "Mimi nisingelala kama lingekuwa langu. Nisamehe." Machozi yalikuwa yamemjaa, na hayakuwa ya kuigiza. Muda si mrefu yule mwalimu ndiye aliyekuwa akimbembeleza binti, akisema shati ni kitambaa tu, na akaondoka ameacha suruali mbili zaidi zifuliwe.

Duka zima lilicheka siku ile. Mvuke akatoka kwenye makoti akampigia dada yake saluti. Bibi akasema mke mwenzake ana asali kwenye ulimi. Na tangu hapo ikawa ndiyo kazi ilivyo. Doa likigoma kutoka, kifungo kikipotea, suti ya mtu ikipewa mtu mwingine, aliyekosa aliendelea na shughuli zake na sauti ikapazwa: mwiteni Samahani. Naye alikuja. Wateja walitulia, wengine wakawa marafiki, na duka likasifika mtaani kwamba lina adabu.

Kila aliyeoneshwa masikitiko kwenye kaunta ile alitoka nayo nje akayasahau barabarani. Binti alibaki nayo. Hilo ndilo ambalo familia haikuliona, maana alikuwa hana kelele, na penye utulivu watu hudhani pana amani.

Dalili zilikuwapo. Alianza kukagua mifuko ya nguo tena na tena, hata zilizokwisha kufungwa. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Siku moja, wakipanga hanga za kutundikia nguo, alimuuliza bibi yake:

"Yule mama wa gauni la kijani mbona harudi?"

"Gauni gani?"

"Lile lililochujuka. Kabla ya mvua zile nyingi."

"Yule? Alihama, mama. Mumewe kapata kazi mbali."

Binti akauliza, "Hakuhama kwa sababu ya gauni?"

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Akawasimulia wafanyakazi, nao wakacheka. Binti pia akacheka, kwa sababu wenzake walikuwa wanacheka.

Baada ya kumaliza shule alipata nafasi ya chuo. Hakwenda. Alisema ameichukua nafasi ya mtu anayestahili zaidi. Kisha akaacha kuja dukani, kisha akaacha kutoka chumbani. Alilala akiutazama ukuta. Chakula alikipokea kwa shukrani na kukirudisha kama kilivyo, akiomba radhi kwa kukipoteza. Baba yake, ambaye ni mtu wa sala, alikusanya waumini wakaja kumwombea sebuleni. Waliomba kwa machozi ya kweli. Walipomaliza, binti aliinuka kwa shida akawaomba msamaha mmoja mmoja kwa kuwapotezea jioni.

Hapo ndipo Bibi aliposema, "Katibu, maombi tutaendelea nayo, lakini kesho mtoto huyu anamwona daktari."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alizungumza na binti peke yake kwanza, kisha akawaita Bibi na Katibu.

"Ugonjwa wake unaitwa sonona," alisema. "Si uvivu, si jeuri, wala si upungufu wa imani. Una dawa, na kuna mazungumzo yanayosaidia. Wengi hupata nafuu."

"Ameutoa wapi?" Katibu aliuliza. "Huyu ndiye mtoto wetu mwema kuliko wote."

"Wema wake hauna kosa. Ila kuna watoto wanaozaliwa na moyo unaoshika kila kitu. Mwenzake akigombezwa anasahau, yeye analala nalo. Akisifiwa anadhani amewadanganya. Hiyo ni tabia, si ugonjwa, na wengi wenye tabia hiyo huzeeka salama. Lakini wako karibu na ukingo kuliko wengine. Mzigo unaomyumbisha mwingine, wao unaweza kuwaangusha. Hasa katika umri huu."

"Maji ya kifuu ni bahari ya chungu," Bibi alisema taratibu.

"Ndiyo hivyo hivyo, mama. Sasa niambieni, kazini anafanya nini?"

Katibu akajibu kwa fahari kidogo, "Anatuliza wateja wanaolalamika."

"Makosa yanakuwa ya nani?"

Katibu akamtazama mama yake. Bibi alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, yenye ngozi iliyokunjamana kwa sabuni.

"Ya kila mtu," akasema.

Daktari hakuwalaumu. Alisema tu kwamba kazi hiyo apewe mwingine.

Bibi alirudi dukani akaweka sheria: aliyeunguza ndiye atakayetoka mbele. Dawa zilipoanza kushika na binti akarudi, alikaa chumba cha nyuma pamoja na nguo zake za kukunja, na zamu ya kwanza ya kaunta ikamwangukia Mvuke. Alikuwa ameharibu shati la fundi saa.

"Mzee," Mvuke alisema, "shati lako limeungua."

"Limeunguaje?"

Mvuke akafikiri. "Kwa moto."

"Najua ni kwa moto. Nauliza ilikuwaje."

"Ilikuwa ghafla."

Nyuma ya pazia kikasikika kicheko. Kilianza kidogo, kama mtu anayekohoa, kikapanda mpaka wafanyakazi wakaacha mashine kukisikiliza. Hakuna aliyekuwa amemsikia binti akicheka hivyo tangu utoto. Fundi saa naye akacheka, ingawa shati lilikuwa lake. Mungu ashukuriwe kwa siku ile, na kwa miezi iliyofuata, maana ilikuwa mizuri. Binti aliimba kwaya. Alinenepa mashavu. Alifikia kumwambia bibi yake, "Mke mwenzangu, leo wewe ndiye uniombe radhi, umenikanyaga," na Bibi akamwomba radhi, binti akijifanya kuchechemea.

Lakini ugonjwa ule una mazoea ya kurudi bila hodi. Ulirudi akiwa anatumia dawa, akiwa anapendwa, akiwa hana aliyempazia sauti. Daktari alisema wasitafute mtu wa kulaumu. Safari hii aliacha kula kabisa, akalazwa, akatolewa, akalazwa tena. Mwili ukawa mwepesi kama nguo iliyokamuliwa. Ndipo homa ya mapafu ikamkuta, na haikukuta mtu wa kupigana nayo. Alipokata roho mama yake alikuwa amemshika mkono. Binti alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

* * *

Siku moja kabla ya mazishi, adhuhuri, nyumba ilikuwa imejaa viti vya kuazima. Katibu alikaa karibu na dirisha akijisomea moyoni atakayoyasema. Alikuwa hatembei na karatasi. Utaratibu aliujua kama alivyojua jina lake. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na Bibi, aliyekaa mkekani karibu na mkwewe, alisubiri mpaka ilipofika pale alipopangoja.

"Hapo," akasema. "Hapo uruke."

"Niruke wapi, Mama?"

"Pa kumwombea msamaha kwa watu."

Katibu akavua miwani. "Mama, hiyo haichezewi. Watu wote husema. Nisiposema watatuona tuna kiburi."

"Watuone."

"Si watu tu." Sauti yake ikashuka. "Kama kuna mtu ana kinyongo naye, nani atakifungua? Mtoto wangu atakwenda mbele za Mungu na kinyongo cha mtu mgongoni. Mbele za Mungu nani hana dhambi? Wewe? Mimi?"

Bibi aliiona hofu katika uso wa mwanawe, ikiwa hofu ya baba na si ya katibu, na hasira ikampungua. Akasema kwa upole, "Dhambi zake ni zake na Mungu wake, na hizo tunamwombea usiku na mchana. Mimi nasemea zile za kaunta. Zile zilikuwa zetu. Tulimbebesha akiwa hai kwa sababu alibeba vizuri. Unataka abebe tena akiwa amelala?"

"Watu hawajui hayo ya kaunta."

"Aliyemchukua anajua ni nani aliyeunguza kola."

Mvuke, aliyekuwa akipanga viti, akaacha alichokuwa akikifanya akatoka nje. Hakuna aliyemfuata. Mchungaji alikuwa amekaa pembeni, kikombe mkononi, na Katibu akamgeukia kama mtu anayetafuta shahidi.

"Mchungaji, liseme wewe."

"Katika ibada sehemu hiyo haimo," mchungaji akasema. "Ni maneno ya familia. Ni mazuri, lakini ni ya familia, na familia ndiyo inayoamua."

"Ndiyo nauliza, tunaamua nini?"

Mkwe wa Bibi, mama wa marehemu, alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi ndiye niliyemfundisha neno hilo. Nilimfinya shavu mpaka akalisema. Baba yao, mwondolee neno hilo apumzike."

Katibu akavaa miwani yake, akaivua tena, akaifuta kwa upindo wa shati. "Nitaona," akasema. Na hawakumpata tena kulizungumzia.

Kesho yake walimpeleka makaburini baada ya ibada. Watu walikuwa wengi kuliko Bibi alivyotegemea. Walikuja waimbaji wa kwaya, walimu, wafanyakazi wote wa duka, na wateja waliovaa nguo ambazo Bibi alizitambua moja moja. Daktari naye alikuja akasimama nyuma. Jua lilikuwa kali, na vijana wawili walimshikia Bibi mwavuli pale alipokalia kiti.

Baada ya sala ya kwanza Katibu alisimama. Aliwashukuru madaktari na wauguzi. Aliwashukuru waumini kwa maombi na majirani kwa viti. Akasema mwanawe alizaliwa lini, alisoma wapi, na kwamba aliugua sonona, akalitaja jina la ugonjwa waziwazi ili watu wasibuni la kwao. Kisha akafika pale pa msamaha. Bibi akaushika mkono wa mkwewe.

"Ni kawaida katika nafasi hii," Katibu alisema, "familia kuomba msamaha kwa niaba ya marehemu."

Akaishia hapo. Watu wakangoja, wengine wameshainamisha vichwa tayari kuitikia. Katibu akatazama jeneza, kisha akatazama udongo.

"Huyu aliomba msamaha maisha yake yote," akasema. "Aliomba kwa makosa yake machache na kwa makosa yetu mengi. Leo familia haimwombei msamaha kwa mtu. Kama kuna aliyekosewa, atufuate sisi tuliobaki. Asanteni."

Akakaa. Mnong'ono ukapita kwenye safu za nyuma, na mzee mmoja akatikisa kichwa. Mvuke alikuwa ameinamisha uso wake kwenye viganja. Bibi hakumtazama mtu. Alisema "Amina" kwa sauti ya kawaida, na kwaya ikaitikia.

Mchungaji akasoma neno fupi na kuombea roho ya marehemu. Mvuke na wenzake watatu wa dukani walishika kamba wakalishusha jeneza polepole, wakiambiana kwa sauti ya chini wapi pa kulegeza. Baba yake akatupa udongo, kisha mama yake, kisha Bibi, aliyeinuliwa kutoka kwenye kiti na kushikwa mabega. Vijana wakachukua sepetu wakafukia kwa zamu huku waimbaji wakiimba. Udongo ulipokaa sawa waliweka msalaba, kisha maua. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakaanza kuelekea langoni, na familia ikatoka mwisho, Bibi akitembea katikati ya mwanawe na mkwewe.